Mwongozo kamili: Kumfanyia kampeni mgombea ambaye unajua ataanguka, kwenye mji wa chuo

Mimi nina kibanda cha fotokopi mbele ya geti la chuo hapa Uganda, na kila msimu wa uchaguzi naona sinema ile ile. Wanakuja vijana sita saba na flashi, wanataka posta mia mbili, wamevaa tisheti za rangi moja, wanacheka, mmoja anapiga selfi na printa yangu. Siku mbili baada ya kura anarudi mmoja peke yake, macho mekundu, ameshika fomu tatu za matokeo anataka kopi. Vituo walikuwa navyo thelathini na nane. Namuuliza, zingine ziko wapi kijana? Ananiambia maajenti hawashiki simu.

Mimi mwenyewe nimeifanya hiyo kazi mara mbili, 2016 na 2021, na mara zote mbili tulianguka, kwa hiyo usinisome kama bingwa. Naandikia mtu ambaye ameshaamua: mgombea nampenda, hela hana, najua atapigwa, bado nataka kumsaidia. Sitakuuliza kwa nini. Iwe Ishaka, Nkozi, Mukono, Gulu au Kikoni pale ubavuni mwa Makerere, makosa ni yale yale, na kazi yako ni moja tu: kila kura aliyopigiwa mtu wako ihesabiwe na uwe nayo kwenye karatasi.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Kitambulisho chako cha taifa na kopi mbili.
- Rejesta ya wapiga kura ya vituo mtakavyofanyia kazi. Inatoka Tume ya Uchaguzi na mgombea ndiye anaifuata. Ukiambiwa "iko na mtu wetu wa Kampala" jua haipo.
- Kaunta buku mbili, moja ya nyumba kwa nyumba, moja ya hela. Usizichanganye.
- Simu ya kitochi yenye laini mbili, na eataimu ya kawaida, si bando peke yake. Utaona sababu kwenye hatua ya 6.
- Tochi ya kweli yenye betri mpya. Kura zinahesabiwa mpaka giza linaingia na stima ya uwanjani huwa hakuna.
- Kalamu, zisipungue ishirini. Maajenti wanakuja mikono mitupu.
- Gambuti na koti la mvua.
- Nguo moja isiyo na rangi ya chama chochote, ya siku ya kura.
- Hela yako mwenyewe ya kula wiki mbili.

Bereti nyekundu iache nyumbani kabisa. Tangu 2019 imeingizwa kwenye orodha ya mavazi ya jeshi na askari hatakuuliza ulinunua wapi.

Na wewe Mkenya, Mtanzania au Mkongo unayesoma hapa, najua mnapenda siasa zetu kuliko sisi wenyewe, lakini pasi yako ni ya kusoma. Saidia kupanga karatasi kibandani, tengeneza jedwali la hesabu, basi. Kwenye mkutano na kwenye kituo usionekane.

## Hatua ya 1: Tafuta kura ziko wapi, achana na kelele

Hapa ndipo wengi wanaanguka kabla hata ya kuanza. Mgombea anaingia hosteli, vijana wanapiga vuvuzela, video inazunguka kwenye grupu zote, mnalala mkijua mmeshinda. Sasa fanya kitu kimoja. Mkutano ukiisha simama mlangoni na kaunta buku na umuulize kila mwenye tisheti yenu swali moja tu: umejiandikisha kupiga kura wapi?

Mimi nilifanya hivyo 2021 kwenye uwanja wa hosteli moja, niliwauliza watu 43. Wa eneo letu walikuwa 6. Wengine wote kituo chao kiko Kitgum, kiko Mbale, kiko kwa babu yao Rukungiri, na wawili hawakujiandikisha kabisa ila ndio walikuwa wanaimba kwa sauti kuliko wote.

Halafu angalia kalenda. Kura ya 2021 ilikuwa Alhamisi tarehe 14 Januari, ya 2026 Alhamisi tarehe 15 Januari. Januari! Mwanafunzi yuko kwao anamalizia mabaki ya Krismasi. Na usifikiri utamhamishia kituo mwezi wa kumi na mbili, kuhamisha kunafanyika wakati wa zoezi la kusasisha rejesta, na kwa kura ya 2026 zoezi hilo lilianza Januari 2025, mwaka mzima kabla. Likishapita limepita.

Kwa hiyo kura za mji wa chuo ziko kwa watu wanaobaki chuo kikifungwa: wenye nyumba za kupangisha, wapishi wa kantini, wafagiaji, waalimu wenye makazi hapa, vijana wa steji ya boda, wauza rolex (chapati ya mayai) na kikomando (chapati na maharage), mama wa sokoni, familia za polisi. Hao hawapigi vuvuzela. Baadhi yao hata wanawachukia wanafunzi kimyakimya kwa sababu ya makelele ya usiku, na ninyi mnakuja mmevaa kama wanafunzi.

Hatua hii imefaulu ukiwa na orodha ya vituo, idadi ya waliojiandikisha kila kituo, na namba ya kweli, hata kama inauma, ya wanafunzi wenu ambao majina yao yako kwenye rejesta. Yetu ilikuwa chini ya mia mbili. Meneja wa kampeni alikuwa amemwambia mgombea elfu nne.

## Hatua ya 2: Ongea hela kabla ya kuvaa tisheti

Hatua fupi lakini ndiyo inavunja urafiki. Kujitolea maana yake hulipwi mshahara, haimaanishi unalipia kampeni. Kaa na mgombea au meneja wake, muulize bila aibu: nauli ya boda nani analipa, chakula cha mchana nani, eataimu nani. Andika kwenye buku la hela, tarehe, mpige sahihi wote.

Usikopeshe kampeni inayoshindwa. Narudia, usikopeshe. Anayeshinda analipa madeni kwa sababu anataka jina, anayeanguka anazima simu mwezi mzima, na si kwamba ni mtu mbaya, yeye mwenyewe anadaiwa kila kona. Kumbuka ada ya kuteuliwa peke yake kwa mbunge ni shilingi milioni 3, hiyo imeenda hata kabla ya posta ya kwanza. Mimi nilichapisha posta kwa mkopo 2016. Sitaki kuongea zaidi.

## Hatua ya 3: Chagua vituo vichache

Mkiwa mavolontia kumi na mbili hamuwezi kufanya vituo thelathini na nane. Chagueni kumi. Panga kwa vitu viwili: pale mgombea anapojulikana kwa jina la baba yake, na pale mnapoweza kupata ajenti mnayemwamini. Vingine wekeni ajenti tu, nyumba kwa nyumba msifanye.

Angalia pia jinsi vituo vinavyogawanywa kwa herufi. Uwanja mmoja wa kanisa unakuta meza tatu, moja A mpaka K, nyingine L mpaka M, nyingine N mpaka Z, na kila meza ni kituo chake, ina rejesta yake na sanduku lake. Nimeona mzee amepanga foleni saa mbili jua la mchana, anafika mbele anaambiwa jina lako liko meza ile, akaangalia foleni ya meza ile, akachukua fimbo yake akaenda nyumbani. Hiyo ilikuwa kura yetu, najua kwa sababu nilimleta mimi.

## Hatua ya 4: Nyumba kwa nyumba

Nendeni wawili wawili, mmoja mtu wa kijiji hicho. Kwanza pitieni kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, hata kama mnajua ni wa upande mwingine, mkimruka atawaita wageni na neno hilo litawatangulia kila mlango. Kampeni ni saa moja asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni, ikifika muda huo rudini, msiwape watu sababu.

Lugha ni ya mwenye nyumba. Kama ni Runyankore ni Runyankore, kama ni Lugbara ni Lugbara, Kiswahili kinafanya kazi kwa askari, madereva na sokoni. Kiingereza cha semina acha kampasi.

Sasa kuongea chenyewe. Usianze na manifesto. Kuna mama mmoja, mjane wa polisi, tulimkuta anamenya matoke nyuma ya nyumba. Mwenzangu akaanza na barabara, akaja kwenye hospitali, mama anamenya tu. Alipomaliza mama akasema, "Wanangu, huyo mtu wenu namjua. Mzee wangu alipokufa mwezi wa sita kiti chake kilikuwa wapi?" Tukanyamaza. Mwenzangu akasema hatukujua mama. Akasema, "Basi semeni hivyo, msiniletee barabara."

Niliandika kwenye buku: *mazishi, Juni, hakuja. Wapiga kura wanne.* Kesho yake mgombea alikuja peke yake, bila tisheti, bila gari la spika, akakaa kwenye mkeka nusu saa, akaomba msamaha, akaondoka. Kituo kile tulipata kura 61, cha jirani tulikopeleka spika kubwa na wacheza ngoma tukapata 19. Siwezi kuapa kwamba ni mkeka uliofanya hivyo, lakini tangu siku hiyo mimi spika siiamini.

Kila nyumba weka alama moja kati ya tatu: tiki ni wetu, swali hajaamua, msalaba si wetu. Onyo hapa: mtu wa kwetu hamkatai mgeni mlangoni kwake, atakuambia "tuko pamoja" na jana alimwambia mwingine vilevile. Tuko pamoja ni alama ya swali, si tiki. Muulize kituo chako kiko wapi na siku ile utatoka nyumbani saa ngapi. Akijibu kwa mpangilio, nitapita asubuhi kabla sijaenda shambani, huyo mpe tiki.

Mtaulizwa sabuni. Mtaulizwa chumvi, soda, "kitu cha wazee". Msitoe. Kununua kura ni kosa la jinai, na hata ukiweka sheria pembeni, nyinyi hamna hela ya kushindana na mwenye lori la sabuni. Wengine wanapenda kusema "kuleni kwao mpige kwetu", mimi siipendi, mtu akishakula anajiona ana deni. Sema tu ukweli, hatuna, tumekuja na miguu. Kuna watu wanaheshimu hiyo, wachache.

Mkimaliza hesabuni tiki, halafu kateni. 2021 nchi nzima waliojiandikisha walikuwa zaidi ya milioni 18 na waliopiga kura ni kama asilimia 59. Yaani kwenye kila tiki kumi hesabu sita. Mkipata namba ndogo kuliko mlivyotarajia mmefanya kazi vizuri, mkipata kubwa kuna volontia aliyejaza buku akiwa amekaa kwenye kibanda cha chapati.

## Hatua ya 5: Maajenti, hapa usifanye mchezo

Sheria inamruhusu mgombea maajenti wasiozidi wawili kwa kila kituo, na kila mmoja awe na barua ya kuteuliwa yenye sahihi, ya kumpa msimamizi wa kituo. Bila barua atakaa foleni na raia wengine.

Msichukue wanafunzi. Najua wanajua kusoma haraka na wako tayari, lakini ajenti mzuri ni yule anayepiga kura meza hiyo hiyo na anawajua majirani kwa sura, ili mtu akija na jina la marehemu aweze kusema huyo tulimzika. Tafuta mwalimu mstaafu, mama wa sokoni mwenye mdomo, katibu wa kanisa au wa msikiti.

Wafundishe kwa mazoezi, hotuba hazishiki. Sisi tunamwaga maharage mezani, ya njano ni wetu, mekundu ni mpinzani, meusi ni kura zilizoharibika. Anahesabu, anajaza fomu ya kujifunzia kwa tarakimu na kwa maneno, anajumlisha, jumla lazima ilingane na maharage yote. Mara ya kwanza nusu yao wanakosea. Bora wakosee kwenye maharage.

Halafu wafundishe hivi vitatu mpaka wavikariri:

1. Usitie sahihi fomu tupu, hata ukiambiwa ni ya kuokoa muda.
2. Mkiwa wawili, mmoja akienda chooni mwingine anabaki. Ukiwa peke yako kunywa chai kidogo asubuhi.
3. Usipokubaliana na hesabu, andika sababu yako kwenye fomu au kwenye daftari lako na saa, usitukane mtu.

Chakula sasa. Ajenti mwenye njaa saa nane mchana ananunuliwa kwa rolex moja na soda, nimeona kwa macho yangu, na simlaumu. Mpe hela ya chakula siku moja kabla, na posho igawe mara mbili, nusu jioni ya kabla ya kura, nusu akikukabidhi fomu mkononi. Hilo la nusu mbili ndilo lilitupa fomu 31 kati ya 38 mwaka 2021. Mwaka 2016 tulilipa yote asubuhi, tukapata 9.

## Hatua ya 6: Siku yenyewe

Amka saa kumi usiku. Vituo vinafunguliwa saa moja asubuhi, ajenti awepo kabla, aone sanduku likifunguliwa tupu mbele ya watu na kufungwa. Kupiga kura kunaisha saa kumi jioni, ila aliyekuwa kwenye foleni muda huo anaruhusiwa kupiga, hilo liambieni watu wenu ili asifukuzwe mtu.

Usivae rangi, usigawe kadi, usimnong'oneze mtu kwenye foleni. Kampeni imeisha.

Intaneti usiitegemee. 2021 ilizimwa usiku wa kuamkia kura na ikakaa siku kama tano, mobile money nayo ikayumba, na vijana waliokuwa wamepanga kila kitu kwenye WhatsApp walibaki wanaangalia simu kama vioo. Hela zote ziwe taslimu siku moja kabla, na namba za maajenti wote ziandikwe kwenye karatasi, siyo kwenye simu peke yake.

Kazi yako mchana ni kuzunguka na boda moja, vituo vyako kumi, na orodha ya tiki. Saa sita ajenti anakuambia nani hajaonekana, unapita nyumbani kwake unamuuliza mzee vipi, unaumwa? Wengi wamesahau herufi ya meza yao. Waelekeze.

## Hatua ya 7: Fomu

Kura zinahesabiwa hapohapo kituoni. Msimamizi anainua karatasi moja moja, anasoma, anaonyesha, inawekwa kwenye fungu lake. Kuna kura ya rais, ya mbunge wa eneo na ya mbunge mwanamke wa wilaya, kwa hiyo watu wamechoka na haraka inaingia. Ajenti wako asimame na tochi aangalie karatasi, asiangalie uso wa msimamizi, na aweke mistari yake kwenye daftari.

Mwisho inajazwa fomu ya kutangaza matokeo, watu wanaiita fomu ya DR. Ajenti ana haki ya kopi yake. Asiondoke bila hiyo kopi, hata mvua ikinyesha, hata boda ikiwa inapiga honi. Aangalie vitu vinne: jina la kituo ni sahihi, jumla inalingana, tarakimu na maneno vinasema kitu kimoja, sahihi ya msimamizi ipo. Kwa simu awe makini, pale mezani inaweza kukatazwa, apige picha akishatoka.

Mpe namba yako ya kitochi, akupigie akusomee. Wewe unaandika, unamrudishia, anathibitisha. Halafu unaifuata fomu kwa boda usiku huohuo. Kesho ni mbali.

Umefaulu ukikaa mezani saa saba usiku na fungu la karatasi zenye matope, unajumlisha, na namba yako inafanana na inayosomwa wilayani. Sisi ilitofautiana kwa kituo kimoja, kura 12, ilikuwa kosa la kunakili na ilirekebishwa kwa sababu karatasi tulikuwa nayo. Bado tulianguka, kwa zaidi ya elfu mbili.

## Hatua ya 8: Mkishaanguka

Usiku huo msikae baa na tisheti. Kuleni pamoja mahali pamoja, hata kama ni katogo, watu wapewe nauli wende nyumbani.

Kama tofauti ni ndogo mgombea aongee na wakili mapema. Kuomba kura zihesabiwe upya kwa hakimu mkuu ni ndani ya siku 7 baada ya kutangazwa, na kesi ya kupinga ubunge Mahakama Kuu ni ndani ya siku 30 baada ya matokeo kutoka kwenye gazeti la serikali. Kwa zote mbili wakili ataomba fomu za DR kwanza. Kama tofauti ni elfu mbili kama yetu, mwambieni ukweli asiuze shamba.

Wiki inayofuata zungukeni kwa maajenti mmoja mmoja, ambaye hakupata nusu yake ya pili mlipeni, kila mmoja mshukuruni mbele ya familia yake. Peleka mgombea kwa mwenyekiti wa LC1 na kwa wale wenye tiki. Dakika kumi zinatosha. Yule mjane wa polisi alitupa ndizi, akatuambia tulipigwa kama ngoma, akacheka mpaka akakaa chini.

Toeni na posta kwenye miti na nguzo za stima. Watu wanaona.

Ile kaunta buku ya nyumba kwa nyumba ina majina na misiba ya watu, kwa hiyo usiiache ofisini kwa mgombea, ofisi hiyo mwezi ujao itakuwa saluni. Weka buku kwako, mpe kopi. Kwangu ukurasa ni shilingi 100, walioanguka 50.